Mficha Uzima

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini hawakutuachia neno lolote juu ya mtu anayeficha uzima. Labda hawakuwahi kukutana na mjinga wa aina hiyo. Basi mimi hapa, Nkatha, nesi wa wazee, mkaazi wa Doonside, magharibi mwa Sydney, mwanamke wa miaka arobaini na mbili mwenye akili zake zote, nilificha wangu. Aibu yake inanichoma mpaka leo, hata nikiwa peke yangu jikoni nikiosha kikombe kimoja.

Na msinionee huruma kabla hamjasikia.

Lazima nianze na Mama Marie-Jeanne, kwa sababu kosa ni langu lakini hasara ni yake. Ni mama wa Kikongo kutoka Fizi, anaishi Guildford na kijana wake Déo anayefanya kazi ghalani. Tulijuana kwenye ushirika wetu wa Kiswahili, unaokutana kila Jumapili kwenye ukumbi wa kukodi. Mwisho wa Julai 2021, Sydney ikiwa imefungwa, sisi wa magharibi tukiwa tumefungwa kuliko wote, mumewe Mzee Wilondja alishikwa na korona. Wakamwambia ajitenge chumba cha nyuma. Mama akawa anamwekea sahani mlangoni, anagonga, anaondoka. Siku ya sita, saa moja asubuhi, akanipigia simu: uji wa jana jioni uko pale pale, na Mzee haitiki.

Mama ana sukari na pumu, na chanjo hakuwa amepata. Nikamwambia, "Mama, usifungue huo mlango. Piga simu ya dharura, kaa kwenye korido, usiingie." Alinisikiliza. Alikaa dakika arobaini akimwita mumewe kwa jina kupitia mlango, mimi nikimsikia kwenye simu. Watu wa ambulensi walipoingia walikuta ameshaenda tangu alfajiri.

Tangu hapo, kila Jumapili, alinishika mkono pembeni na kuniuliza swali lile lile. "Nkatha, mwana yangu, kama ningefungula?" Nami namjibu, "Angekuwa ameshaenda, Mama. Na wewe ungemfuata." "Ni kweli?" "Ni kweli kabisa." Hapo anashusha pumzi, anaenda kumimina chai. Daktari alimweleza kwa Kiingereza, barua ya hospitali iko kabatini, haielewi. Kitu alicholalia usiku ni neno langu tu. Nilijua hivyo. Aliwahi kuniambia kwa kinywa chake: "Neno yako njo usingizi yangu."

Sasa niwaambie kuhusu maji, mcheke kidogo kabla hamjakasirika.

Mimi ni Mmeru. Maji niliyoyajua ni ya ndoo na ya mvua. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye bwawa la St Marys, pamoja na watoto wa miaka sita walionipita wakinirushia maji usoni. Ukutani palikuwa na tangazo la kilabu cha wazamiaji. Nikauliza, kwa utani tu. Aliyenijibu ni Noelene, bibi wa miaka sabini aliyekuwa dereva wa basi la shule. Hakucheka. Alinipima kwa macho akasema atanitafutia nguo itakayonitosha nyonga.

Ikawa hivyo. Baharini walinipeleka mara mbili, mawimbi yakanitapisha, nikasema ng'o. Lakini wakati wa baridi kilabu huzamia kwenye kwari, shimo la zamani walikochimba mawe mpaka chemchemi ikawashinda, wakaliacha lijae. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu. Julai yale maji ni digrii kumi na moja. Unavaa nguo nzito ya mpira, mkanda wa vipande vya risasi vya kukuzamisha kiunoni, mtungi wa hewa mgongoni, unashuka polepole na taa yako mkononi. Mashavu yanaganda. Chini kuna lori kuukuu lililoachwa na wachimbaji, na samaki wawili watatu wasio na haraka.

Na kimya, jamani. Miaka ile nilikuwa nimefunga macho ya wazee kumi na tisa. Niliwahesabu. Watoto wao nikawashikia simu waage. Nikitoka kazini, ushirika unanisubiri: Nkatha nipime presha, Nkatha soma hii barua, Nkatha hii dawa ni ya kabla au baada ya chakula? Chini ya maji hakuna anayeweza kuniita sista. Hata angetaka, ana kifaa mdomoni.

Ushirikani sikumwambia mtu. Ningesema nini? Shirleen, rafiki yangu ninayefanya naye kazi, mwenyekiti wetu na mdomo wetu, angeitisha maombi ya kukemea. Mmeru anashuka shimoni wakati wa baridi kwa hiari yake! Nikawa nasema nina shifti.

Basi kilabu kina sherehe yao ya Krismasi ya Julai. Wazungu wa huku Krismasi yao huwakuta kwenye jua kali, wakiona picha za theluji wanaona wamedhulumiwa, kwa hiyo wengine huirudia katikati ya baridi. Kilabu chetu hushusha mti wa plastiki mpaka kwenye lile lori, kila mmoja anaupamba kwa pambo lake huku amevaa kofia nyekundu, halafu wanapanda juu kula kondoo wa kuoka bandani. Miaka miwili korona iliwanyima. Mwaka 2022 wakatangaza: Jumamosi, tarehe thelathini Julai.

Na Mama Marie-Jeanne akaja kwangu Jumapili moja na habari yake. Mwaka ulikuwa unatimia. Kwao mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, na siku ya kuivua watu hukusanyika, hupika, huomba, halafu mtu aliyesimama naye kwenye msiba ndiye humfungua kitambaa cheusi kichwani na kumfunga kipya. "Ni weye," akaniambia. "Ni weye ulikuwa na miye kwenye simu." Siku aliyoichagua? Jumamosi, tarehe thelathini Julai.

Nikasema ndiyo. Nilishika mikono yake miwili nikasema, "Ni heshima kubwa, Mama." Na wakati nasema nilikuwa nikifikiria kondoo wa kuoka.

Nimejiuliza sana kwa nini sikumwomba tu asogeze siku, au niwaambie watu wa kilabu mwakani. Ukweli wenyewe ni mbaya. Nilikuwa nimechoka na kilio cha yule mama. Nilichoka kushikwa mkono kila Jumapili. Nilimpenda na nilimchoka, vyote viwili, na sikuwa na ujasiri wa kusema hata kimoja.

Kisingizio cha kazi hakikufaa, Shirleen alijua niko likizo wiki ile. Ugonjwa wa kawaida ndio kabisa: ukisema una mafua, Waafrika watakuja na tangawizi na kukuamsha. Kilichobaki ni kimoja. Mwaka ule korona ndiyo ilikuwa sababu pekee ambayo hakuna mtu aliyeibishia. Siku saba ndani, kwaheri, Mungu akuponye.

Alhamisi nikaandika kwenye kundi la simu: "Wapendwa, nimepima. Mistari miwili. Niombeeni." Chini yake nikaweka picha ya kipimo. Picha ilikuwa ya Januari, nilipougua kweli. Nesi mzima! Mikono ya maombi ikamiminika, arobaini na kitu, na mimi nimekaa kitandani nikisafisha miwani yangu ya kuzamia kwa dawa ya meno ili isifanye ukungu.

Ijumaa Mama akapiga simu. Nikaifanya sauti yangu ikwaruze. Nikakohoa. Aki nilikohoa, mara mbili.

"Pumzi iko?" akauliza.

"Pumzi iko, Mama. Msiahirishe kwa ajili yangu. Shirleen atakufungua kitambaa."

Mama akasema nilale, ninywe maji moto, na mlango nisifunge kwa ufunguo. Nikaitika tu.

Jumamosi niliondoka saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mlango nikafunga kwa ufunguo. Kwari haina mtandao, simu niliitupa kwenye gari. Tulishuka kumi na mmoja. Pambo langu lilikuwa mkufu wa shanga za rangi, nikaufunga kwenye tawi la plastiki kwa vidole vilivyokufa ganzi, na Noelene akanipigia makofi ya chini ya maji, yale yasiyo na sauti. Nilicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani. Nisidanganye tena: ilikuwa siku nzuri. Nilikula sahani mbili. Tulivaa kofia za karatasi, tukaimba nyimbo za Krismasi huku tunatetemeka, na Noelene akanikumbatia akasema kilabu kimenipata mimi kikapata bahati. Kwa saa sita sikumkumbuka Mama Marie-Jeanne hata mara moja.

Nilipokaribia Richmond mtandao ukarudi, simu ikaanza kulia bila kupumua. Nikaegesha kituo cha mafuta. Nimepigiwa mara sitini na tatu. Na kulikuwa na jumbe za sauti, nne, zote za Mama.

Ya kwanza watu wanaimba. "Nkatha, mwana yangu, tumekuya kwako! Nimekataa kuvua bila weye. Tutafanya hapa inje, kwenye majani. Fungula rido ya dirisha kidogo tu, tukuone."

Ya pili: "Nkatha? Unalala?"

Ya tatu hakuna wimbo tena. "Nkatha, kama hauna nguvu, gonga tu kwa ukuta. Gonga mara moja."

Ya nne ni mlango unagongwa, unagongwa, na pumzi za Mama zenye pumu. Kwa mbali Déo anasema, "Mama, ngoja, ambulensi iko njiani." Na Mama anajibu, "Ile siku nilingoja." Halafu kioo kinavunjika. "Minaingia, Nkatha. Minaingia."

Nilikaa pale na mikono kwenye usukani. Mngedhani nililia. Sikulia, nilipanga. Nitasema nilizidiwa nikaenda kliniki. Nitasema nilipoteza simu. Nilijiangalia kwenye kioo cha gari: nywele mbichi, duara jekundu la miwani limenikaza uso mzima, nanuka tope na kondoo. Na bado nikapanga, kilomita ishirini na tano nzima, nikichagua hospitali ya kusema nilikuwa.

Nilipoingia mtaani kwetu, jua lilikuwa limeegemea mapaa. Watu kumi na wawili kwenye nyasi zangu, masufuria yamefunikwa kwa vitenge, viti vya plastiki vimepangwa mstari kuelekea dirisha langu la chumba cha kulala. Na ambulensi ndiyo kwanza inasimama kwenye kona ya nyumba. Julai ile watu walikuwa wakingoja ambulensi masaa, mimi ndiye ninayejua, mimi ndiye ninayeipiga simu hiyo kila wiki nikilia na wanaopokea.

Nikashuka. Wimbo hakuna tena. Shirleen alikuwa amekaa chini, wanja wote umemchuruzika mashavuni. Akaniona. Nilimwona akifurahi, halafu nikamwona akinitazama kuanzia nywele mpaka viatu.

Binti wa ambulensi akanijia na mkoba wake. Akaniuliza kwa upole, "Mgonjwa ni wewe?"

Hospitali yangu niliyoichagua njiani ilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule binti alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyefanya shifti mbili, nayajua macho hayo, ni yangu. Nikasema, "Hakuna mgonjwa hapa. Samahani." Redio yake ikaita, akarudi garini, wakaondoka.

"Ulikuwa wapi?" Shirleen akasema.

"Kuzamia."

"Ku-nini?"

"Kuzamia majini, Shirleen. Na kilabu. Kulikuwa na sherehe."

Afadhali angenipiga kofi. Akaenda akachukua sufuria lake, na wengine wakachukua yao, mmoja mmoja, wakipita kando yangu kana kwamba mimi ni mti. Mzee mmoja alisema tu, "Woi, Nkatha." Sikuwahi kujua jina langu linaweza kusemwa hivyo.

Mama alikuwa bado ndani. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu, na nguo zake nyeusi, kitambaa cheusi kichwani, barakoa hana, mkono wa kulia umefungwa taulo langu la manjano ambalo halikuwa la manjano tena. Vioo vilitapakaa kutoka mlango wa nyuma mpaka kitandani. Alikuwa ameingia peke yake, na pumu yake, kwenye nyumba aliyoamini imejaa korona, kunitafuta kila chumba. Déo alisimama pembeni yake. Hakunisalimia.

Mama akainuka. "Uko muzima?"

"Niko mzima, Mama." Nikapiga magoti kwenye vioo vile. "Nilikuwa mzima tangu mwanzo. Sikuwa na korona. Niliwadanganya. Nilitaka kwenda kwenye sherehe."

Mnajua alifanya nini? Alicheka. Aliinua ule mkono wa taulo juu na kumshukuru Mungu kwa Kibembe na Kiswahili na Kifaransa. "Ni uongo! Déo, unasikia? Ni uongo tu! Haiko kufa!" Akanivuta akanikumbatia, nywele zangu mbichi zikamlowesha shingo. "Afazali uongo, mwana yangu. Afazali uongo kuliko maiti ingine." Hakuna tusi duniani lingeniumiza vile.

Nikamketisha, nikaleta sanduku la dawa. Hicho angalau nakijua. Nikamfungua taulo, nikamwosha, nikatoa vipande vya kioo kwa kibano, kimoja kimoja, kwenye kiganja kile alichokuwa akinishikia kila Jumapili. Nilihisi kana kwamba vidole vyangu bado vina ganzi ya kwari, na nikaogopa kumuumiza. Déo alitoka kwenda kuwasha gari. Tukabaki wawili.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alikuwa ananitazama uso, lile duara jekundu, kwa muda mrefu.

"Ijumaa ulikohoa," akasema.

"Nilikohoa, Mama."

"Kikohozi ilikuwa ya kweli kabisa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepima kitambaa sokoni. "Nami nikasali."

Nikaendelea kufunga bandeji. Nilijua swali linakuja kabla hajafungua mdomo, na nilitamani lile shimo lote la maji linifunike.

"Nkatha. Na ile ya mwaka jana. Ile uliniambia, nisifungule mulango, kama alikuwa ameshaenda. Nayo ulinidanganya?"

"Hapana, Mama." Nikainua macho nimtazame. "Ile ilikuwa kweli. Haki ya Mungu, ile ilikuwa kweli kabisa."

Nami nilikuwa nasema kweli. Ndilo neno la kweli kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Lakini nilijisikia nikilisema, na sauti ilikuwa ile ile ya Ijumaa.

"Sawa," akasema. "Sawa, mwana yangu." Akanipigapiga bega.

Sauti hiyo naijua. Ndiyo ninayowajibia wazee wangu kazini wanaponiambia marehemu wake zao wanakuja kuwachukua saa kumi.

Alirudi Guildford na nguo zake nyeusi. Wiki mbili baadaye alizivua ukumbini, Shirleen akamfungua kitambaa, nami nikasimama nyuma karibu na birika. Watu walinisamehe polepole, kwa namna ya watu wetu: kwanza kunituma, baadaye kunitania. Siku hizi wananiita Samaki. Mama mwenyewe hakuwahi kuninunia hata siku moja. Ananiuliza kazi, ananiuliza kama yale maji bado ni baridi, ananiwekea nyama nono.

Lile swali lake la kila Jumapili ndilo hajaniuliza tena. Mwezi wa tatu wa kungoja nikashindwa, nikamfuata mwenyewe pembeni, nikamwambia bila kuulizwa, "Mama, angekuwa ameshaenda." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumimina chai. Nikamuuliza Déo mama anaendeleaje. Akajibu kwa Kiingereza, akiangalia simu yake, kwamba usiku hukaa koridoni na taa imewaka, na kwamba usingizi hapati.